Kuacha mitandao siku 30: juu ya kitabu cha Cal Newport

Kitabu Digital Minimalism cha Bwana Cal Newport kilitoka Marekani mwezi wa pili wa mwaka 2019. Mwandishi anafundisha elimu ya kompyuta huko Georgetown, chuo kikuu cha Wajezuiti mjini Washington. Tunakitaja hapa kwa sababu wafratri wengi, Kwaresima ikikaribia, wanaahidi kuacha Facebook na video za telefoni, na juma la pili halijaisha wamekwisha kurudi. Kitabu hiki kinajua kueleza kurudi huko. Dawa yake ndiyo tunayotaka kuipima.

Shauri lake ni hili: kwa siku 30 mtu aache kila kitu cha telefoni kisicho cha lazima kwa kazi au kwa maisha ya nyumbani, kisha arudishe vile tu vinavyosaidia jambo analolithamini kweli, tena kwa kanuni. Mwisho wa mwaka 2017 aliwaomba wasomaji wake wajaribu. Alitazamia watu 40 au 50. Wakajiandikisha zaidi ya 1600. Kwa barua zao akaona kwamba wengi walioshindwa walikuwa wameondoa kitu bila kuweka kingine mahali pake. Jioni ikifika, mikono mitupu inaitafuta telefoni yenyewe.

Hapo ameona vizuri. Tena hawalaumu watu bure, kwani anaonyesha kwamba mtego ulitegwa kwa akili. Alama ya Facebook inayotangaza habari mpya ilikuwa ya buluu hapo kwanza, na watu hawakuigusa. Ilipogeuzwa kuwa nyekundu, wakaikimbilia. Na kama katika kamari, mtu anayefungua hajui kama atakuta kitu au hatakuta, na kutojua huko ndiko kunakomvuta. (Mwandishi mwenyewe hakupata kufungua akaunti ya Facebook hata siku moja. Asiyeonja pombe anawafundisha walevi. Lakini mafundisho hayaharibiki kwa hiyo.)

Kasoro ya kwanza: anasimulia kana kwamba ugonjwa huu ulizaliwa pamoja na viwanda vya California. Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka 399, alimwandika ndugu ambaye, jua likipanda, anakodoa macho dirishani, anapima jua ili ajue saa ya chakula iko mbali kadiri gani, anatazama huku na huku kama kuna mwenzake anayekuja. Huyo hakuwa na telefoni. Wenye viwanda walikuta chumba kimekwisha fagiliwa. Bwana Newport anasifu kukaa peke yako, anamtaja Lincoln aliyekwenda kulala katika nyumba ya kando ya mji. Lakini hadi mwisho hakuuliza kwa nini mtu anakimbia chumba chake mwenyewe.

Ya pili ni kubwa zaidi. Nani anapima lile jambo ninalolithamini? Katika kitabu hiki kila mtu anajiandikia sheria na kujihukumu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 49, inamwachia mmonaki achague kwa hiari na kwa furaha atakachojinyima wakati wa Kwaresima, lakini amwambie abati kwanza; asipomwambia, yahesabiwa majivuno. Wengine wataona ni utawala mtupu. Sisi twaona kwamba Benedikto alijua usiku. Sheria inayojulikana na mtu mmoja inabadilishwa na mtu huyo mmoja saa 4 za usiku, chini ya blanketi, bila shahidi. Baba wa roho hana haja ya kufungia telefoni katika sanduku. Inatosha awe anajua ahadi na aulize siku ya Jumamosi.

Tena sisi wa Kongo tuna neno la kuongeza. Tangu tarehe 31 ya mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti karibu siku 20. Hakuna aliyefunga siku zile, kwani aliyenyang'anywa sahani hafungi. Lakini zilitukumbusha kwamba WhatsApp ileile inayokula saa za masomo ndiyo pia inayoleta parokiani habari ya mgonjwa anayeomba padri. Bwana Newport anashauri kuweka saa maalum za kujibu watu. Paroko mwenye saa za biro analijua hilo zamani, na anajua vilevile kwamba anayebisha usiku kwa ajili ya mtu anayekufa hangojeshwi hadi asubuhi. Kwa hiyo tungependa kanuni nyingine: fratri anyamazishe kila kinacholia bila mtu kumwita kwa jina, aache sauti ya simu ya kweli.

Wanaojua Kiingereza wasome sehemu ya siku 30 na ile ya kukaa peke yako. Ile inayosifu kazi za mikono wanaweza kuiruka: aliyelima bustani tangu seminari ndogo hangojei profesa wa Washington amwambie jembe linatuliza akili.