Kila Sauti Mahali Pake: Mwongozo wa Kuchagua Hedifoni ya Muziki na Gemu kwa Bei Nafuu

Muuzaji wa Kariakoo ana wimbo wake wa kuuzia. Ni wimbo wenye besi nzito, na akishakuvisha hedifoni anaupandisha hadi mwisho, kisha anakutazama usoni. "Unaisikia hiyo ngoma, kaka?" Unaisikia, maana hata aliyesimama mlangoni anaisikia. Taa za rangi zinawaka pembeni mwa masikio, kichwa kinaitikia, mkono unaingia mfukoni. Wengi wetu tumenunua hivyo. Ukifika nyumbani ndipo unagundua kwamba sauti ya mwimbaji imezama kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na kwenye gemu adui anakufikia mgongoni bila wewe kusikia hatua hata moja.

Nimenunua, nimeazima na nimefungua hedifoni nyingi za bei ya chini, na jambo ninaloliamini leo ni hili: hakuna hedifoni ya muziki na nyingine ya gemu. Kuna hedifoni inayoweka kila sauti mahali pake, na kuna inayozirundika sauti zote pamoja. Ile ya kwanza itakufaa kote kuwili. Tena si lazima iwe ghali. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni zaidi ya 200 za bei mbalimbali, na hakuona uhusiano wowote kati ya bei na jinsi zinavyogawanya sauti za chini, za kati na za juu. Fedha ya ziada hununua jina, ngozi laini na vikorombwezo. Sauti njema ipo hata kwenye rafu ya chini. Kazi yetu ni kuitambua.

Anza na sauti ya kati

Wachuuzi hukusikilizisha besi kwanza. Wewe anza katikati, kwenye sauti ya binadamu, fidla, udi na gitaa. Nenda dukani na simu yako na wimbo unaoujua kwa moyo. Mimi huchagua taarabu asilia yenye ganuni. Mpigaji anapodonoa, masikio yapate mambo matatu kwa mfuatano: kipande alichovaa kidoleni kikigusa uzi, uzi wenyewe ukilia, kisha mlio ukififia taratibu chini ya fidla. Hedifoni mbovu hukupa lile la pili peke yake. Ganuni inageuka kuwa kelele moja nyembamba, na hujui noti imeishia wapi.

Sehemu hiyohiyo ya sauti ndiyo inayobeba uhai wako kwenye gemu. Katika PUBG Mobile au Call of Duty, hatua za miguu juu ya mbao, mlango unaofunguliwa, mtu anayejaza risasi nyuma ya ukuta, vyote vinasikika zaidi kwenye sauti za kati na zile zilizo juu yake kidogo. Sikio la binadamu lina tabia moja: sauti nzito ikiwa kubwa hufunika zile zilizo nyembamba kuliko yenyewe. Kwa hiyo bomu linapolia upande wa mbali, hedifoni yenye besi iliyovimba inakufichia nyayo zilizo mita 10 kutoka kwako. Mwimbaji aliyezama na adui usiyemsikia ni ugonjwa mmoja.

Kulia, kushoto na katikati

Sauti ikitokea kulia kwako, hufika sikio la kulia kwanza, na sikio la kushoto huipata baada ya muda usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena ikiwa imepungua kidogo kwa sababu kichwa kimeikinga. Kwa tofauti hizo mbili ndogo, ubongo unajua upande. Gemu huzitengeneza tofauti hizo kwa hesabu, na studio huzitengeneza kwa kupanga vyombo. Katika rekodi nyingi za rumba utasikia gitaa la solo limekaa upande mmoja na la rizimu upande mwingine, besi na mwimbaji wakiwa katikati. Lakini kazi yote hiyo huharibika ikiwa spika ya kulia na ya kushoto hazilingani.

Kuna jaribio la kulipima jambo hili, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya simu yako. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya usaidizi wa watumiaji wenye mahitaji maalumu, washa sauti ya mono. Sasa masikio yote mawili yanapokea kitu kimoja. Funga macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa ya kichwa, kama nukta. Akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, ya kulia uivae kushoto, usikilize tena. Mwimbaji akihama pamoja na hedifoni, hedifoni ndiyo yenye kasoro; akibaki palepale, sikio lako ndilo linalotofautiana. Nimeshazirudisha rafuni hedifoni tatu za aina moja, zote mpya, kabla ya kuipata ya nne iliyosimama katikati. Muuzaji mwenye subira atakuruhusu. Asiyekuruhusu kujaribu, mshukuru na uende duka la pili.

Ukimaliza, rudisha stereo ucheze rumba yako. Magitaa yakitengana kiasi kwamba unaweza kuamua kulifuata moja na kuliacha jingine, umepata chombo cha gemu pia.

Besi yenye umbo, sauti ya juu isiyochoma

Sisemi besi ni dhambi. Singeli bila besi ni chai bila majani. Swali ni kama besi ina umbo. Chukua wimbo wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea, ujaribu kulifuatisha kwa mdomo. Ukiweza kuiga noti zake, zinazopanda na zinazoshuka, besi hiyo ni nzuri hata kama haitikisi. Ukisikia mvumo mmoja tu kila noti inapogongwa, hiyo ni debe.

Sauti za juu zipime kwa Kiswahili chenyewe, lugha iliyojaa "s" na "sh". Mwanamke mwenye sauti nyembamba akiimba, herufi hizo zisichome. Zikichoma kwa dakika 3 za wimbo, zitakuumiza kichwa kwa saa 2 za gemu yenye milio ya risasi. Na zikikosekana kabisa, kila kitu kikawa butu, utapoteza ule mguso wa kwanza wa ganuni na vilevile mlio wa kioo kinachopasuka ghorofa ya juu.

Umbo, joto na kichwa chako

Hedifoni zilizofungwa kwa nyuma huzuia kelele zisiingie na muziki usitoke. Zinafaa bwenini, kwenye daladala na nyumba yenye watoto. Zilizo wazi nyuma huacha hewa ipite, na sauti huonekana kama iko nje ya kichwa, kwa nafasi kubwa zaidi. Kwa kutambua umbali na upande kwenye gemu hizi zina raha yake, na masikio hayatoki jasho. Lakini feni ikizunguka utaisikia, na aliyelala kitanda cha pili atausikia wimbo wako. Chagua kwa kukitazama chumba chako.

Mwambao una joto, na sponji za ngozi bandia zinaonja jasho kila siku. Baada ya muda huanza kubanduka magamba meusi shingoni. Sponji za kitambaa au mahameli hupumua zaidi. Uliza pia kama sponji zinatoka na kama za kubadilisha zinapatikana, maana zikichakaa sauti nayo hubadilika. Aina zilizofungwa hutegemea sponji kukaa sawasawa kuzunguka sikio. Miwani, hijabu au misuko minene ikiacha upenyo mdogo tu, besi huvuja yote. Kwa hiyo jaribu ukiwa umevaa kama unavyovaa kila siku, na ukae nayo kichwani dakika 10 nzima. Ikiwa haikai vizuri hata kwa namna hiyo, zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio zitakufaa zaidi.

Waya, hewani na maiki

Kwa bajeti ndogo, chukua ya waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa takribani sehemu ya tano ya sekunde. Ukitazama filamu huoni tatizo, kwa sababu simu huichelewesha picha ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwani picha inafuata kidole chako. Unabonyeza, risasi inatoka, mlio unakuja baadaye. Tena ukifungua maiki ili uongee na wenzako, Bluetooth nyingi hushuka hadi sauti ya simu ya kawaida, na muziki wote unasikika kama uko ndani ya kopo. Ukitaka lazima iwe isiyo na waya, tafuta inayokuja na kipokezi chake kidogo cha USB cha GHz 2.4, ucheleweshaji wake ni mdogo sana.

Kwenye waya, tazama pini. Yenye pete mbili nyeusi inapeleka sauti tu. Yenye pete tatu inabeba na maiki. Pini hiyo ya pete tatu inaingia moja kwa moja kwenye rimoti ya PlayStation 4 na 5. Kompyuta za zamani zenye matundu mawili, la kijani na la waridi, zinahitaji waya wa kugawanya. Waya ndio unaokufa mapema, hasa pale karibu na pini, kwa hiyo waya unaochomoka na kubadilishika ni thamani halisi. Maiki nayo isikushawishi kununua sauti mbaya. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ukinunua pembeni, itakusaidia zaidi ya ile iliyobandikwa kwenye hedifoni dhaifu.

Maandishi ya boksini

"20 hadi 20,000 Hz" ni mipaka ya usikivu wa binadamu, na karibu kila boksi limeiandika. Haikuambii lolote kuhusu kilichomo kati ya mipaka hiyo. Milimita 50 za spika si ushahidi kwamba ni bora kuliko 40. "7.1" kwenye hedifoni yenye spika mbili ni hesabu za programu, na mara nyingi gemu yenyewe imeshazifanya vizuri zaidi. Namba ya kuisoma ni ukinzani: kuanzia omu 16 hadi 60 hivi simu itaiendesha bila shida, zile za omu 250 huomba amplifaya.

Majina machache ya kuanzia nayo: Koss Porta Pro, nyepesi na wazi, inauzwa tangu 1984 kwa umbo lilelile. Philips SHP9500, kubwa, wazi, waya wake unachomoka. Na 7Hz Salnotes Zero, ya ndani ya sikio, iliyotoka 2022 kwa bei ya karibu dola 20 za Marekani. Zote tatu hazina taa. Chema chajiuza.

Jaribio la mwisho

Umeshachuja, zimebaki mbili mbele yako mezani. Sasa usipandishe sauti. Ishushe. Ishushe hadi uweze kumsikia muuzaji akijibu wateja wengine, kisha urudie taarabu yako. Kwenye hedifoni dhaifu, ganuni itapotea, utabaki na mnong'ono, na kidole chako chenyewe kitataka kuongeza. Kwenye iliyo njema, kila kitu kitapungua lakini hakuna kitakachohama: mwimbaji katikati, fidla pembeni yake, ganuni mbali kidogo, na mguso wa kwanza wa uzi bado upo.

Jaribio hili naliweka mwisho kwa sababu linalinda kitu ambacho hakiuzwi Kariakoo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Anayecheza gemu usiku na kusikiliza muziki mchana huzimaliza saa hizo upesi. Hedifoni inayoweka kila sauti mahali pake haikulazimishi kupandisha ili usikie nyayo au uzi wa ganuni. Sponji utabadilisha na waya utabadilisha. Masikio ni yaleyale uliyokuja nayo dukani.