Kifaru Ndani ya Boksi: Uhakiki wa Gari Dogo

Vijana wenzangu wa kalamu, tumezoea kudhani kuwa uhakiki ni wa riwaya, tamthilia na mashairi, basi. Mimi nasema kila kilichotungwa na mtu kinahakikika, na leo nimeleta mezani gari la kuchezea. Ndiyo, gari la watoto. Anayetaka kucheka acheke kwanza, halafu tuendelee.

Kazi yenyewe ni Volkswagen 1200 ya mashindano ya East African Safari, namba 256 katika orodha ya Corgi Toys. Corgi ilikuwa chapa ya kampuni ya Mettoy, na magari yake yalianza kutoka kiwandani Swansea, Wales, mwaka 1956. Hili liliingia madukani 1965 na likaondolewa 1968. Ni ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, nyekundu inayoelekea rangi ya machungwa, mlangoni namba 18, juu ya paa tairi la akiba. Na ndani ya boksi, pamoja na gari, kuna kifaru. Nimelishika kwa jamaa mmoja mkusanyaji, naye alinisimamia kama askari wa benki mpaka nikalirudisha.

Tuanze na fani. Magari ya aina hii hutengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Zinki ikipoa, kila ufito na kila mkunjo wa kalibu unabaki palepale. Ni sanaa ya ufupi, na historia yake inatuhusu sisi waandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, London, fundi Jack Odell wa kampuni ya Lesney alikuwa na binti ambaye shuleni kwao waliruhusu kupeleka mchezo mmoja tu: ule unaoenea ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea binti yake mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Matchbox ikazaliwa kutokana na sharti hilo. Mwenye kulalamika kwamba mhariri kampa ukurasa mmoja tu, na afikirie kiberiti hicho.

Ufundi wa Corgi ulikuwa wa namna nyingine. Walijitapa kwamba magari yao yana vioo madirishani, wakati wapinzani wao Dinky, waliokuwa sokoni tangu 1934, walikuwa bado wakiuza magari yenye matundu matupu. Katika hii Volkswagen wamekwenda mbali zaidi. Lile tairi la akiba juu ya paa ukilizungusha, magurudumu ya mbele yanakata kona. Tazameni hapo! Tairi la paa ni ukweli wa mandhari, maana aendaye safari ndefu kwenye matope hatoki bila akiba. Papo hapo ndilo usukani wa mtoto. Jambo moja, kazi mbili. Wangapi kati yetu tunaandika maelezo yanayofanya kazi mbili? Wengi tunaandika jua lilichomoza, na halifanyi kazi hata moja.

Kwa hiyo fani naipa alama za juu. Sasa maudhui, na hapa ndipo ninapogombana na kazi hii.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka huohuo Lesney waliuza zaidi ya vigari milioni moja vya kukokotwa na farasi, mfano wa kile alichopanda malkia siku hiyo. Yaani sherehe moja ilizaa mbio za Afrika Mashariki na ikatajirisha watengenezaji wa vigari vya London. Mbio zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilizishinda zaidi ya mara moja, ikiwemo 1962. Corgi hawakudanganya kuchagua gari hilo.

Swali langu ni juu ya mhusika wa pili. Mtunzi anapoweka kitu cha ziada ndani ya boksi, anatuambia ni nini hasa kinachokamilisha hadithi. Kifaru! Eti Afrika Mashariki ikikutana na gari, anayetokea njiani ni mnyama. Si fundi, si abiria, si watoto waliojipanga kando ya barabara toka alfajiri.

Linganisheni na kazi nyingine ya kiwanda hichohicho, mwaka huohuo wa 1965: Aston Martin ya James Bond. Ndani yake dereva yumo, na pembeni yake kuna mtu ambaye ukibonyeza kitufe, paa linafunguka na anarushwa nje. Bond ni mtu wa kubuni, hajawahi kulipia petroli hata lita moja, lakini amepewa mwili. Wakati huohuo mbio za kweli za 1965 zilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshatumiwa na wengine. Mtu wa hapahapa, gari la mtumba, ushindi wa kweli. Sidai kwamba Corgi wangemtabiri. Nasema tu kwamba waliendelea kuuza kifaru kwa miaka mitatu baada ya hapo.

Na wakusanyaji je? Kwao gari hili likikosa kifaru halijakamilika, bei inashuka. Likikosa boksi, inashuka tena. Yule jamaa yangu alinieleza mapungufu yote yanayoweza kulipata: rangi kubanduka, ekseli kupinda, pembe ya kifaru kuvunjika. Hakutaja mtu, maana katika orodha ya vinavyotakiwa kuwemo, mtu hakuwahi kuwemo. Ndivyo orodha zinavyofanya kazi. Kilichosahauliwa siku ya kwanza hakiitwi pungufu tena.

Wenyewe wanajua ugonjwa mmoja wa kutisha. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya vita vinapasuka na kusagika vyenyewe, hata vile visivyowahi kuchezewa, kwa sababu zinki yake ilichanganyika na risasi. Boksi haliponyi kitu hapo. Tatizo liliingia kalibuni.

Sasa nawageukia ninyi na kujigeukia mimi. Mitaani kwetu tulitengeneza magari ya waya, magurudumu ya ndala zilizokwisha, usukani wa waya mrefu unaofika kifuani ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Hayana boksi wala namba ya orodha, lakini dereva yupo, anatoka jasho. Ndiyo maana inaniuma ninaposoma hadithi za vijana wenzangu zinazotumwa kwenye mashindano ya nje. Fani safi, tairi linazunguka, kona inakatwa. Halafu kwenye boksi unakuta ngoma, mganga, machweo ya nyikani, mambo ambayo mwandishi mwenyewe, mtoto wa Manzese au Eastleigh, anayaona kwenye kalenda tu. Tunafungasha kifaru kwa hiari yetu, maana tunajua mnunuzi atakihesabu.

Sisemi wanyama wasiandikwe. Nasema, kabla hujafunga boksi, angalia ndani ya gari. Yuko nani kwenye usukani? Kama hayupo, rudisha kazi kalibuni.