ANR inasikia nani?

Huku Kiringye mtu akitaja ANR anapunguza sauti. Juu ya nini? Tangu CND ya Mobutu majina yamebadilika, lakini bosi wa idara ni yuleyule: Rais. Katiba ya 2006, kifungu 18, inakataza polisi kushikilia mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka kwa sheria. Hata hivyo, ilibidi mwaka 2019 Rais Tshisekedi aamuru makasho ya ANR yafungwe. Na usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa jirani Mutarule, watu zaidi ya 30 waliuawa. Nani alituonya? Idara inayosikia mwanafunzi akinung'unika, halafu haisikii wauaji wakikaribia, inalinda kiti, hailindi raia. Wabunge wetu waiulize hivyo, waziwazi.