Ngazi za Uluguru: udongo mwekundu uliletwa juu

Narudi kwenye ngazi, na najua mnaonisoma mmeshanichoka. Aliyepita Mgeta, Langali mpaka Nyandira, hapa milimani Uluguru, hahitaji kuelezwa ngazi ni nini; kwa wengine, ni mashamba tambarare yaliyokatwa mlimani moja juu ya jingine. Kosa ninalolisema ni la mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale wakubwa wa Mradi wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, wa serikali ya kikoloni, walipoamua kuwa kwa mteremko wowote na udongo wowote dawa ni moja, ngazi, na atakayekataa kuzichimba apigwe faini au afungwe.

Tazama jembe lilivyopigwa. Kupata tambarare, unakata upande wa juu na kujaza wa chini. Udongo mweusi wenye mboji, ambao milimani kwetu ni mwembamba, unafukiwa, na ule mwekundu mchachu ndio unaobaki juu. Kisha mkulima anaambiwa: haya, panda mahindi. Fundi mwenye subira angeukusanya mweusi kando kwanza, akakata, akaurudisha. Amri haikuwa na subira hiyo. Ilihesabu urefu wa tuta, basi. Na maji je? Tuta la ngazi huyazuia yazame, na kwenye mwinamo mkali mlima uliolowa ndani huwa mzito, hutafuta pa kushukia.

Kuzuia moto na kulinda kingo za mito, hapo walikuwa sahihi. Ngazi za mboga za Mgeta nazo zimedumu, kwa sababu zina samadi, maji ya mfereji na soko huko chini Morogoro, mji ulioipata reli tangu 1907. Mahindi ya huko Matombo, upande mwingine wa Uluguru, hayakuwa na kimojawapo.

Sasa linganisheni na kilimo cha bibi zetu. Bibi alianza kulima chini akielekea juu, akivuta majani na kuyafukia mstari kwa mstari, vikapatikana vidato vidogo visivyomlazimu kuugusa udongo wa chini. Majani yalioza humohumo, mboji ikabaki mahali pake. Hakuna bwana shamba aliyempimia. Kwangu mimi huyo ndiye mhandisi, na waliomfundisha ngazi walipaswa kukaa kwanza wamwangalie.

Ni ugonjwa uleule wa mradi wa karanga wa Kongwa (nivumilieni): matrekta mwaka 1947 kabla ya kuuliza mvua hunyesha lini, na 1951 kila kitu kimetupwa. Hapa Uluguru angalau watu walijibu. Julai 1955 Matombo iliwaka kwa ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na ngazi za lazima zikaachwa.

Anayebisha kuhusu maji na aitazame Mgeta ya tarehe 23 Februari 1970. Mvua ya takriban milimita 100 ilianguka ndani ya saa tatu, milima ikaporomoka sehemu mamia, karibu zote mashambani na kwenye majani. Msituni maporomoko yalikuwa machache mno.