Dawa Ina Njia Yake

Daktari akishaandika dawa, wengi wetu hudhani kazi ya kufikiri imekwisha, imebaki ya kuchoma sindano. Dhana hiyo inawapunja wauguzi. Maandishi ya daktari ni mafupi: jina la dawa, kipimo, herufi mbili tatu za kuonyesha njia, na mara ngapi kwa siku. Kutoka mstari huo hadi mwilini mwa mgonjwa kuna kazi nzima, na mwenye kazi hiyo ni muuguzi.

Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Mama ameletwa leba akiwa na degedege, presha iko juu. Kwa utaratibu unaofuatwa katika hospitali nyingi za kwetu, dozi ya kuanzia ni gramu 14, na haziingii kwa njia moja. Gramu 4 hupita mshipani, polepole, kwa dakika zisizopungua 5. Gramu 10 huingia msulini, 5 kila tako. Ya mshipani inaikabili degedege papo hapo. Ya msulini inabaki pale ikitoka kidogo kidogo, kwa saa kadhaa.

Sasa tazama mikono ya muuguzi. Dawa imekuja kwenye kichupa ikiwa na nguvu ya asilimia 50, yaani kila mililita 2 zina gramu 1. Nguvu hiyo msuli unaistahimili, mshipa hapana. Kwa hiyo anavuta mililita 8, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20. Hiyo ndiyo ya mshipani. Ya matakoni anaiacha na ukali wake, ila anaichanganya na mililita 1 ya dawa ya ganzi, maana inauma kwelikweli. Mabomba yako kwenye trei moja, dawa ni ile ile, nguvu mbalimbali, na yote hayana rangi. Kila bomba analibandika maandishi yake kabla hajalishika jingine. Hesabu hiyo yote anaifanya huku mama anatetemeka kitandani na ndugu wanalia mlangoni.

Faili linasema gramu 5 zirudiwe kila baada ya saa 4. Saa 4 zinatimia, naye hakimbilii sindano. Kwanza anagonga chini ya pia ya goti aone kama mguu unaruka. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 16, hatoi. Anatazama mfuko wa mkojo, kwa kuwa dawa hii hutokea kwenye figo, na figo zikilala dawa hulundikana mwilini hadi ikazima pumzi. Karibu yake ameweka kalsiamu glukoneti, gramu 1, ya kuivunja nguvu ikizidi. Goti lisiporuka, dozi inasimama na daktari anaitwa. Kwangu hicho ndicho kilele cha ufundi huu: kuisoma amri vizuri kiasi cha kujua saa ambayo haitakiwi kutekelezwa.

Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Sifa hiyo tunaipa dawa. Lakini dawa haijipimi, wala haijizimui.

Kliniki ya watoto nayo ina somo lake. Mama anaona sindano tu. Muuguzi anaona tabaka za mwili. Chanjo ya kifua kikuu kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05, inaingia ndani ya ngozi yenyewe, sindano ikiwa karibu kulala, na ikienda sawa ngozi huinua kijipele cheupe. Ya surua hukaa chini ya ngozi. Ya pepopunda na wenzake hushuka hadi msuli wa paja. Ya polio, ile ya matone, hudondoshewa mdomoni.

Hata kidonge, ambacho watu hukidharau, kina masharti. Bahasha imeandikwa 1x3, basi mgonjwa anameza asubuhi, mchana na jioni, halafu usiku wote mwili hauna dawa. Muuguzi mzuri humwambia kila baada ya saa 8, na humtajia saa zenyewe. Kidonge kilichotengenezwa kiyeyuke taratibu hakisagwi kwa sababu mzee hawezi kumeza. Huombewa mbadala.

Saini huwekwa dawa ikishaingia, kamwe si kabla, na iliyozuiwa huandikiwa sababu. Sisi ndugu wa wagonjwa tuna deni dogo hapa. Ukimkuta muuguzi ameinua bomba usawa wa macho, anasoma mistari, usimwite kumuuliza kitanda cha mgonjwa wako. Msubiri aimalize ile hesabu.