Kiwiko cha Eigen: Kusoma Umbo la Kasi ya Protoni

Mfugaji wa Kiorma anayeuza maziwa Garsen anajua kwamba maziwa ya jioni, yakilala katika joto la delta ya Tana, huamka yameganda. Bakteria huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, asidi hiyo huikabidhi fosfati ya maziwa protoni yake, na pH ikishuka hadi 4.6 hivi, kaseini hushikana. Makabidhiano hayo ya protoni yameandikiwa matini moja iliyo bora, nayo ni grafu ya Manfred Eigen, mwanakemia Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1964 na kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Mhimili mlalo wa grafu hubeba tofauti ya pKa, kipimo cha mshiko wa protoni, baina ya mpokeaji na mtoaji, yaani nguvu sukumizi. Mhimili wima hubeba logi ya kasi. Upande wa kushoto mstari hupanda kwa utiifu kamili, kila kizio kimoja cha nguvu kikiizidisha kasi mara 10. Kisha, karibu na sifuri, hukunja kiwiko na kulala tambarare, na kuanzia hapo nguvu ikiongezwa haiongezi kitu. Molekuli mbili haziwezi kupeana protoni kabla hazijakutana majini, na kukutana kwenyewe kuna ukomo, takriban mara bilioni kadhaa kwa sekunde katika mmumunyo wa moli 1 kwa lita.

Ufundi wa Eigen unakaa katika kiwiko hicho. Penye sifuri kamili, mtoaji na mpokeaji wakiwa na mvuto sawa, kasi ni nusu ya ukomo, kwa kuwa protoni iliyokwisha kuvuka ina nafasi sawa ya kurudi kabla jozi haijaachana. Kwenye grafu usawa huo hauhitaji neno lolote. Umebebwa na mkunjo wenyewe. Asidi ya laktiki ina pKa 3.86 na fosfati pokezi 7.2, hivyo jozi ya maziwa iko vizio 3.3 ndani ya tambarare: kwenda ni kwa kasi ya ukomo, kurudi ni polepole mara 2,000 hivi. Ukiweka asidi kali zaidi mahali pa ile ya laktiki, safari ya kwenda haitaharakishwa; itakayodhoofika ni ile ya kurudi. Hapa ndipo ninapoistahi grafu hii kuliko milinganyo mingi: inaonyesha nguvu ikifanya kazi, halafu inaonyesha, kwa mstari uleule, mahali inapoishiwa na kazi.

Asidi ambazo protoni yake imeshikwa na kaboni, kama asetilaseton, huukataa ukali wa kiwiko. Mkunjo wao ni mpana, hauufikii ukomo upesi, kwa sababu elektroni za molekuli lazima zijipange upya wakati protoni inapoondoka. Nadharia ya mwanakemia Rudolph Marcus, iliyozaliwa mwaka 1956 kwa ajili ya uhamaji wa elektroni, ndiyo iliyotoa lugha ya kuusoma upana huo: kizuizi cha ndani kikiwa kikubwa, nguvu sukumizi huishiwa na sauti kidogokidogo.

Usiku mzima ambao maziwa ya Garsen huchukua kuganda ni muda wa bakteria. Protoni haiongezi hata sekunde moja. Anayeichukua grafu hii aanzie kwenye kiwiko, kisha ndipo ausome mpando.