Kusadikika na Hesabu ya Siku 15

Kitabu nitakachokisema leo si kipya. Shaaban Robert, mtu wa upande wa Tanga, alikitoa mwaka 1951, jina lake Kusadikika, Nchi Iliyo Angani. Nakala yetu hapa Gety haina jalada tena, na mchwa wamekula kurasa mbili za katikati. Niliachiwa na padre mmoja aliyepata kusoma Tanzania, nami huwasomea vijana baada ya mafundisho ya jioni, kwa taa ya sola. Twaenda polepole, maana Kiswahili chake si Kiswahili cha soko la Bunia, na mara nyingi sina budi kusimama nieleze neno.

Kwa ndugu ambaye hajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. Katika nchi ya Kusadikika kijana mmoja, Karama, ashtakiwa mbele ya mfalme na Waziri Majivuno. Kosa lake? Ataka watu wafundishwe elimu ya sheria. Karama apewa nafasi ya kujitetea, lakini hajitetei sana yeye mwenyewe. Alikumbusha baraza habari za wajumbe sita ambao nchi ile iliwatuma zamani pande zote sita, yaani mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Wakateseka njiani, wakaona mema ya wengine, wakarudi na mashauri. Kila mmoja aliporudi alitiwa kifungoni. Mwishoni mfalme aguswa moyo, Karama aachiliwa, na wale wajumbe nao wafunguliwa.

Wenye elimu husema ya kwamba mwandishi aliificha serikali ya wakoloni wa siku zake nyuma ya mawingu ya Kusadikika. Yaweza kuwa kweli. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na mtu mwenye busara hakusema kila jambo waziwazi. Lakini nilipofika pale ambapo mjumbe arudi amechoka, ana habari njema mdomoni, naye apelekwa gerezani, hakuna kijana hata mmoja aliyewafikiri Waingereza. Walitazamana. Mmoja akacheka, kile kicheko cha mtu aliyemwona jirani yake katika picha.

Yafaa nimweleze msomaji wa mbali kwa nini alicheka. Gety ni makao makuu ya nchi ya Walendu Bindi, katika teritware ya Irumu, kusini mwa Bunia. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri pamoja na Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule uitwao kwa Kifaransa état de siège. Gavana akawa jenerali, wakuu wa teritware wakawa askari na polisi, baraza la mkoa likasimamishwa, na raia wakaanza kuhukumiwa katika mahakama za kijeshi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 144, yasema kwamba amri ya namna hiyo hudumu siku 30. Zikiisha, Bunge na Seneti waweza kukubali iongezwe siku 15, tena 15, tena 15. Waliotunga kifungu hicho walikuwa na nia njema. Walitaka jambo zito lisizoeleke, bali kila wiki mbili wawakilishi wakae, waulize, wapime. Kumbe, ikawa kinyume. Kuongeza siku kukawa desturi tu, kama mtoto anayejibu katekisimu bila kujua alichoulizwa. Mwaka 2025 ulipoanza, miaka mitatu na nusu ilikuwa imekwisha kupita, siku 15 kwa siku 15.

Na katika muda huo damu haikukoma. Haukutimia hata mwezi mmoja, usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi, kwa jirani zetu. Mwanzo wa Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa kule Djugu, katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo. Sisemi haya ili kuwadharau askari. Wengi wao nao walikufa, mbali na mama zao. Nasema tu kwamba mtu anayehesabu siku 15 hawezi kutengeneza kitu kinachotaka miaka 15. Barabara haitengenezwi kwa siku 15. Wala shule, wala hukumu ya haki juu ya mipaka ya mashamba, wala kazi ya kumshika mkono kijana aliyeweka bunduki chini.

Je, wajumbe walikosekana? Hata kidogo! Tarehe 14 hadi 16 Agosti 2023 watu wa mikoa hiyo miwili waliitwa Kinshasa kushauriana juu ya utawala huo. Wengi walisema wazi: uondolewe. Mwezi wa Oktoba Rais akatangaza kwamba utalegezwa polepole. Mwaka uliofuata ulikwisha, na jenerali alikuwa angali katika kiti cha gavana. Wajumbe hao walau walilala nyumbani kwao. Kule Beni, Aprili 2022, vijana wa LUCHA waliokuwa wameandamana kuupinga utawala huo walihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miezi 12. Na Aprili 2024, Kardinali Ambongo alipokuwa amesema bila kuficha juu ya udhaifu wa serikali huku mashariki, mwendesha mashtaka mkuu aliagiza uchunguzi ufunguliwe juu yake. Ndiyo maana kijana wangu alicheka. Majivuno alimfahamu tangu zamani, jina lake tu ndilo lililokuwa geni.

Ninapowafundisha wakatekumeni habari za Yusufu katika Misri, wengi humsifu Yusufu, nao wafanya vema. Mimi humsifu kidogo Farao pia. Mtu yule hakumjua Mungu wa Israeli, lakini alikuwa na jambo moja ambalo wafalme wengi hawana: alimtoa mfungwa gerezani, mgeni, kijana, akamkalisha karibu, akamsikiliza. Tena akakubali mpango wa miaka 14, saba ya kuweka akiba na saba ya kugawa. Fikiri, msomaji: katika miaka saba ya shibe hakuna raia aliyeona sababu ya zile ghala, na bila shaka wako walionung'unika walipotozwa nafaka. Farao angaliweza kuwafurahisha kwa kuwaachia wale yote. Kusadikika ilifanya kinyume cha Misri. Misri ilimtoa mshauri gerezani, Kusadikika ilimtoa mshauri njiani ikamtia gerezani.

Sisi wa Gety twaijua hesabu fupi kupita wengine. Desemba 2004 serikali ya mpito iliwapa wakubwa wa wapiganaji wa Ituri cheo cha jenerali, na Germain Katanga wa FRPI alikuwa mmoja wao. Haukupita muda akawa kifungoni, na mwaka 2014 mahakama ya La Haye ikamhukumu miaka 12 kwa mambo ya Bogoro, ya tarehe 24 Februari 2003. Novemba 2006 yakaja mapatano mengine. Cobra Matata akaingia jeshini, mwaka 2010 akarudi porini, Januari 2015 akakamatwa Bunia. Kisha tarehe 28 Februari 2020, hapa hapa Gety, serikali na FRPI walitia sahihi mapatano ya amani. Yaliahidiwa msamaha wa sheria, kuingizwa jeshini, kurudishwa katika maisha ya raia. Ahadi zikasuasua, njaa haikusuasua. Wako waliochoka kungoja kambini wakaondoka.

Kila mapatano yalinunua miezi kadha ya kimya, na kimya nacho ni kitu, sikidharau. Mama aliyelala nyumbani kwake miezi sita bila kukimbia hawezi kuambiwa kwamba hakupewa neno. Lakini swali halikuulizwa: kijana huyu mwaka wa kumi atakuwa anakula nini, na shamba la baba yake litakuwa mikononi mwa nani? Mwaka 2003 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Wako niliocheza nao mpira wa majani ya migomba ambao walipewa bunduki ndefu kuliko wao. Leo nawafundisha watoto wao sala.

Sasa niseme lawama yangu juu ya kitabu chenyewe, maana kukisifu tu si kukisoma. Tulipomaliza, nilifunga kitabu nikangoja. Mfalme ameelewa, milango ya gereza imefunguliwa, nilidhani watafurahi. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: «Mwalimu, na mfalme yule akifa?»

Sikuwa na jibu. Nilisema saa imekwenda, tusali, twende.

Usiku ule sikulala mapema. Binti yule alikuwa ametia kidole penye ufa. Wajumbe sita walifungwa katika ufalme wa nani? Gereza lile lilikuwa la nani? Shaaban Robert aweka hatia yote juu ya Majivuno, na kiti cha enzi akipanguse vumbi kikae safi. Neno moja la mfalme lafungua kila mlango. Basi neno moja la mfalme mwingine laweza kuifunga kesho. Ndivyo tusemavyo hata sisi. Babu yangu alisema juu ya Mobutu: hajui, wanaomzunguka wamdanganya. Baba akasema vile vile juu ya Kabila. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo, na nilipolisema nilijisikia mwepesi, kwa kuwa lilinipa ruhusa ya kukaa kitako nikingoja moyo wa mtu mmoja ugeuke.

Tena raia wa nchi ile karibu hatuwasikii. Karama asema, Majivuno asema, mfalme aamua. Na watu wale ambao mambo yote hufanyika kwa ajili yao wasikiliza tu. Hapo naona mwandishi aliwaheshimu kupita kiasi, kwa kuwa hakuwalaumu. Mimi nitawalaumu, nami ni mmoja wao. Desemba 2023, siku za kura, fulana na chumvi zilipita vijijini kwetu, na mtu aliyekuja na mikono mitupu akitaka kueleza barabara aliulizwa ameleta nini. Na kuna kijito kimoja njiani kwetu. Kila mwaka twafanya salongo, twalaza magogo ya mkaratusi, twapita. Mvua yaja, magogo yaenda. Mzee mmoja alishauri mawe na saruji, fedha zichangwe miaka mitatu. Alichekwa. Miaka mitatu! Hatukumtia gerezani mzee yule, lakini hakushauri tena.

Wengine watasema: katekista ahusika nini na mambo ya Bunge, afundishe amri kumi. Nafundisha. Lakini mzazi akiniuliza kwa nini mtoto wake aliyebatizwa mwaka juzi amekwenda porini, siwezi kumjibu kwa amri ya tano peke yake.

Nilirudia kitabu tena, safari hii nikianzia mwanzo kwa ajili ya swali la yule binti, na nikaona kwamba nimemlaumu mwandishi upesi mno. Jibu haliko mwishoni, liko katika shtaka. Karama hakuomba kiti. Hakuomba mfalme mwema zaidi, wala waziri mpole zaidi. Aliomba watu wafundishwe sheria, jambo ambalo halifi na mfalme. Majivuno alilitambua hilo kabla yetu, kwa hiyo akaogopa. Kijana anayetaka cheo hupewa cheo, basi, lakini anayetaka watu wote wajue kusoma amri iliyowafunga, huyo atishie nani asitishie waziri? Shaaban Robert alilipamba lango la kutokea kwa rehema za mfalme, labda ili kitabu kipite mikononi mwa wakubwa wa siku zile. Fundisho lake aliliweka mlangoni, ambapo msomaji mwenye haraka hupita bila kutazama. Ndivyo nilivyopita mimi.

Jumamosi iliyofuata niliandika kifungu cha 144 ubaoni, kwa Kifaransa, kisha tukakifasiri mstari kwa mstari. Walikuwa 22. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukisikia, ingawa wote waliijua kafyu na vizuizi vya barabarani vilivyotokana nacho. Binti yule alinakili katika daftari lake la sala. Kisha akaomba tuhesabu: toka Juni 2021 hadi mwisho wa 2024, siku 15 zaingia mara ngapi? Tulihesabu kwa chaki. Zaidi ya mara 80. Akauliza kama kila mara, mara zote hizo, kulikuwa na mtu aliyesimama kule Kinshasa akauliza habari za Gety. Nikamwambia aandikie barua wabunge waliochaguliwa katika Irumu, awaulize mwenyewe. Barua ameianza; Kifaransa chake nakisahihisha, maswali siyagusi.

Kuhusu kurasa mbili zinazokosekana, ziko katika safari ya mmoja wa wajumbe, naye katika nakala yetu aondoka kwao na mara yuko kifungoni. Aliye na kitabu kizima katika parokia jirani atuazime kwa wiki moja tu, tunakili.